Kutenganisha sitaha na bodi ya boti kuukuu ya faiba: mwongozo kamili

Boti ya faiba huzaliwa vipande viwili. Bodi, yaani tumbo la boti linalokaa majini, hutoka kwenye kalibu yake, na sitaha, yaani mfuniko wake wa juu, hutoka kwenye kalibu nyingine, kisha vinaunganishwa kiwandani kwa gundi na skrubu. Fundi aliyeviunganisha hakuwa na habari na mtu atakayekuja miaka 30 au 40 baadaye akitaka kuvitenganisha. Mtu huyo ni mimi na wewe: tangi limetoboka chini ya sakafu, mihimili ya mbao imeoza, povu la kuelea limenyonya maji hadi boti imekuwa nzito kama imejaa mchanga, na mlango wa kupitia haupo.

Kazi yenyewe inawezekana, na haihitaji karakana kubwa. Ila kuna jambo moja ninalotaka ulishike kabla hujagusa bisibisi: sitaha ndiyo inayoshika umbo la boti. Chukua boksi la viatu, ondoa mfuniko, ulibinye ubavuni. Ndivyo bodi yako itakavyokuwa. Hatua nyingi ninazoeleza hapa chini ni za kulinda umbo hilo, na kung'oa sitaha ni sehemu ndogo tu ya kazi.

Nimelijifunza hili kwa boti ya futi 22 tuliyoifungua pale Msasani, Dar es Salaam. Tulifungua skrubu vizuri, tukainua sitaha vizuri, tukaiacha bodi juu ya trela yenye mbao mbili tu za kuikalia, wazi, siku kumi. Tuliporudisha sitaha, mbavu za katikati zilikuwa zimetanuka sentimita 4. Mashimo ya bolti hayakukutana hata moja. Tulitumia siku tatu kuivuta kwa mikanda ya kukazia, kidogo kidogo, nikiomba Mungu isipasuke. Haikupasuka, lakini sitaki yakukute.

Kwanza, je, lazima itoke?

Mara nyingi si lazima. Kama tatizo ni tangi tu, unaweza kukata sakafu kwa mstari ulionyooka, ukatoa tangi, ukaweka jipya na kurudisha kipande kwa kukifunga upya kwa mati (mkeka wa nyuzi za faiba) na resini inayougandisha. Ubao wa tezi (nyuma ya boti) unaobeba injini nao mara nyingi hubadilishwa bila kugusa sitaha yote. Sitaha hutoka pale mihimili ya urefu imeoza kutoka tezi hadi omo (mbele), povu lote limelowa, au maungio yenyewe yanavuja pande zote na yamekwisha kuzibwa juu juu kwa silikoni mara tatu nne.

Kuna boti nyingine usizijaribu kabisa. Zile zilizomiminwa povu likaganda kati ya ganda la nje na la ndani, kama Boston Whaler ambazo Richard Fisher alianza kuziuza mwaka 1958, hazina sitaha ya kuinua. Povu ndilo gundi, na limeshika kila mahali. Ukivuta, unararua ganda. Gonga sakafu na mbavu za ndani kwa mpini wa nyundo: ukisikia mlio mfu, wa kushiba, kutoka mwisho hadi mwisho, toboa tundu dogo la milimita 6 mahali palipojificha uangalie. Likitoka povu papo hapo chini ya ganda kila unapojaribu, kata sakafu, acha sitaha.

Ijue aina ya maungio

Ondoa raba ya pembeni, ile inayozunguka boti kuikinga na gati, kwa urefu wa sentimita 30 tu. Nyingi zina kamba ya raba iliyochomekwa ndani ya reli ya alumini au plastiki, na skrubu za reli zimejificha nyuma ya kamba hiyo. Ichomoe kwa bisibisi butu, na ikiwa imekakamaa imwagie maji ya moto.

Utakachokiona ni kimoja kati ya vitatu. Mfuniko wa boksi: ukingo wa sitaha unashuka na kuvaa bodi kwa nje, skrubu zinapita kwa ubavuni. Hii ndiyo rahisi zaidi. Midomo miwili inayotokeza nje na kukutana kama sahani mbili zilizogeuziana: hii nayo ni nzuri, maana bolti zinafikika juu na chini. Ya tatu ni mdomo wa bodi uliokunjwa kuelekea ndani na sitaha ikalazwa juu yake. Hii ndiyo yenye kazi, kwa sababu nati ziko ndani, nyuma ya makabati na ngozi za dari, na mara nyingi kiwanda kilipaka mati juu ya maungio kwa ndani. Tumia tochi na kioo kidogo kuhakikisha kabla ya kuendelea.

Mahali na majira

Chagua miezi ya ukavu. Hapa kwetu Juni hadi Septemba hufaa, ingawa kusi inavuma na itabidi ujikinge na upepo. Januari na Februari nazo ni nzuri. Masika usifungue boti kama huna paa. Bodi iliyo wazi ni beseni, na maji ya mvua yana uzito wa kilo moja kila lita, yote yakikandamiza bodi isiyo na mfuniko.

Ipandishe boti ikiwa juu ya trela yake wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, uweze kuifikisha juu, pakavu, penye ardhi ngumu. Isawazishe kwa mpira wa maji, ule ule wa waashi, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kisha itie gadi, yaani nguzo za kuiegemeza ubavuni, kama inavyotiwa mashua: angalau nne kila upande, kila moja ikiwa na kipande cha plaiwudi kichwani ili nguvu isikae kwenye nukta moja. Mkuku, ule uti wa chini wa bodi, ukalie magogo juu ya trela, si hewa. Zungusha mikanda miwili ya kukazia chini ya tumbo hadi juu, uikaze kiasi cha kushika tu. Usibinye.

Halafu pima. Upana wa nje kila sentimita 50 kutoka omo hadi tezi. Pima na mshazari, kutoka pembe ya tezi kushoto hadi alama moja karibu na omo kulia, kisha kinyume chake; namba mbili hizo zikilingana, boti haijajikunja. Ziandike kwenye bodi yenyewe kwa maka peni, maana karatasi hupotea. Bandika vipande vya teipu vinavyovuka maungio, uchore mstari juu ya kila kimoja na namba yake, kisha ukate teipu kwenye maungio. Mwisho, mafuta yakishatolewa kama ninavyoeleza hapa chini, toboa mashimo manne ya milimita 6 yanayopita sitaha na bodi kwa pamoja, mawili mbele na mawili nyuma. Siku ya kurudisha, bolti nne za kwanza zitaingia humo na kila kitu kitafuata.

Mafuta, waya na kila kinachopita kati

Mafuta hutoka kabla ya chombo chochote cha umeme kuwashwa. Nasema hivi kwa uzito: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukalala ngamani, yaani chini kabisa ndani ya bodi, na cheche moja ya grenda inatosha. Nyonya tangi, fungua vifuniko vyote, acha ngama ipigwe na hewa siku nzima, toa betri nje ya boti. Kama bado unasikia harufu, bado hujamaliza.

Injini ishuke. Kisha fuata kila kitu kinachotoka bodi kwenda sitaha: kebo ya usukani, kebo za gia na moto, mpira wa kujazia mafuta na ule mwembamba wa kupumulia, mipira ya kutolea maji ya sitaha, nyaya za taa, pampu ya ngama. Kila waya uupe kibandiko pande zote mbili kabla ya kuukata au kuuchomoa, na upige picha kwa simu. Vyuma vya kufungia kamba, reli za mkono na jicho la chuma la omo vina bolti zinazopita ndani. Jicho la omo hasa husahaulika. Lipo chini kwenye bodi, lakini kwenye baadhi ya boti bamba lake la ndani limepigwa mati pamoja na sitaha.

Skrubu na ribiti

Ukifungua reli yote ya raba, utakuta mstari wa vichwa vya skrubu au ribiti, pengine kila sentimita 10 hadi 20. Kwenye boti ya futi 22 hesabu huweza kupita 100. Zitenge siku.

Ribiti za alumini zilizokaa kwenye chumvi miaka 30 huwa zimegeuka nusu yake unga mweupe, na nyingine utaziondoa kwa patasi tu. Zilizobaki toboa kichwa kwa biti yenye unene wa ule mwili wa ribiti, kwa kawaida milimita 5, taratibu, hadi kichwa kiruke. Kisha sukuma mwili uingie ndani kwa msumari butu. Ikianza kuzunguka pamoja na biti, ibane kichwa kwa ncha ya bisibisi upande mmoja. Usiongeze nguvu, maana joto na mtikisiko hupanua tundu la faiba.

Skrubu za chuma kisichoshika kutu zina ugumu wake. Kwanza safisha mfereji wa kichwa kwa ncha kali, kwani umejaa jelikoti (ngozi ya juu inayong'aa ya faiba) na rangi za miaka. Weka bisibisi inayokaa barabara, ipige nyundo mara moja, kisha zungusha. Ikikataa, weka ncha ya pasi ya kulehemia waya juu ya kichwa kwa dakika moja hivi. Gundi iliyoshika nyuzi inalegea. Ikikataa tena, toboa kichwa kiruke, na shina lililobaki utalichomoa kwa plaizi sitaha ikishatoka. Bolti za maungio ya kukunjwa ndani zinataka watu wawili, mmoja juu na bisibisi, mmoja ndani na spana. Pale nati isipofikika, pitisha jani la msumeno wa chuma kwenye maungio ukate bolti katikati.

Gundi, na vile visivyoonekana

Ukishatoa skrubu ya mwisho, sitaha haitatoka, na hapa ndipo watu wanapovunja boti. Wanachukua jeki, wanaiweka chini ya mdomo wa sitaha, wanapampu.

Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alikuwa amesimama kando siku moja nikisukuma nondo kwenye maungio. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii imegoma." Akapitisha kucha yake taratibu kwenye ufa, kutoka mkono wangu kuelekea tezi, kama hatua mbili. Kucha ikasimama. "Haijagoma, mwanangu. Imeshikwa. Tafuta hapa." Tulipokwangua jelikoti palikuwa na skrubu mbili zilizofukiwa kwa putti.

Basi ndiyo kanuni: sitaha haikatai bure. Ikikataa, kuna kitu hujakiona, acha nguvu utafute.

Anza na gundi. Boti za zamani nyingi zimegandishwa kwa putti ya poliesta, ambayo ni ngumu lakini hukatika kama chaki ukipigia kisu chembamba kipana. Nyingine zina mpira laini unaonata. Huu haukatiki kwa kupiga, hukatwa kwa kisu kirefu kilicholoweshwa maji ya sabuni, au kwa waya mwembamba wa chuma wenye vishikio viwili vya mti, watu wawili wakivuta kama msumeno. Gundi ya poliurethani ndiyo kaidi kuliko zote. Ipashe joto kwa mashine ya hewa ya moto huku ukikata, lakini mkono wako ukae karibu uonje: resini ya poliesta huanza kulegea ikipita nyuzi joto 60 au 70, na ukifika hapo unapinda kile unachotaka kukiokoa. Kila sentimita 30 ulizokata, chomeka kabari ya mbao, nyembamba. Kabari za mbao, si za chuma. Mbao ikizidiwa itapondeka yenyewe kabla ya faiba kupasuka.

Kisha ingia ndani ya boti na uulize kila ukuta: wewe umeshikana na nani? Kuta za ndani za plaiwudi mara nyingi zimefungwa kwa mati kwenye bodi na pia chini ya sitaha. Zikate mati hizo kwa diski nyembamba ya grenda, ukibakiza kama sentimita 5 za mati upande wa bodi, zitakusaidia kurudishia. Tazama nguzo chini ya usukani, mabomba ya viti, sanduku la nanga, na kwenye boti ya tanga vyuma vinavyoshika kamba za mlingoti. Mlingoti wenyewe uwe umeshateremshwa. Povu lililomiminwa pembeni mwa tangi nalo huganda chini ya sakafu. Likate kwa waya huo huo.

Vumbi la kazi hii si la kuchezewa. Vaa barakoa yenye vichujio vya pande mbili, miwani iliyoziba, mikono mirefu iliyofungwa kwa teipu. Ukimaliza oga maji ya baridi kwanza, bila kujisugua, ndipo sabuni. 

Kuinua

Kadiria uzito. Sitaha ya futi 22 ina eneo la mita za mraba 12 hivi. Ikiwa na unene wa milimita 6, na faiba ikiwa na kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, unapata kilo 115. Ongeza plaiwudi iliyomo ndani, kabati la usukani na maji yaliyonyonywa, hesabu kilo 200 hadi 300. Watu kumi na wawili wanaibeba. Tatizo ni kuwaweka watu hao mahali bila kusimama ndani ya bodi, na wote wainue kwa pumzi moja.

Mimi napenda njia nyingine. Inua kwa kabari na mbao, sentimita 5 kwa zamu, ukizunguka boti yote. Baada ya sentimita 5 za kwanza, simama. Chukua tochi, zunguka polepole, angalia ndani ya ufa pande zote. Karibu kila mara kuna waya mmoja uliosahaulika, au mati iliyojificha inayovutika kama gamba la muhogo. Shughulikia, kisha endelea.

Ikifika sentimita 30 au 40, pitisha boriti mbili za mbao kutoka upande hadi upande chini ya sitaha, moja robo ya urefu kutoka omo na nyingine robo kutoka tezi. Miisho ya boriti ikalie mapipa au minara ya magogo iliyo mbali kuliko upana wa trela. Sasa, kabla ya lolote lingine, funga mbao za mkingamo juu ya mdomo wa bodi, kila mita moja, ukitumia mashimo yale yale ya skrubu. Pima upana. Ulinganishe na namba ulizoandika. Ukiona tofauti ya hata sentimita moja, kaza mikanda hadi zirudi, ndipo ukaze mbao. Hapo bodi imepata mfuniko wa muda na gadi zinaweza kuondoka.

Vuta trela kuelekea omo. Omo ya boti imeinuka kuliko tezi, kwa hiyo ukivuta mbele sehemu ya chini inapita chini ya boriti iliyo juu, na hakuna kinachogonga. Ukirudisha nyuma, omo itakwama kwenye boriti ya tezi. Sitaha inabaki palepale juu ya mapipa. Iongezee tegemeo katikati isije ikajipinda, na uifunike.

Kurudisha

Kazi ya ndani ina mwongozo wake, lakini ifanye ukiacha mbao za mkingamo mahali pake. Ukilazimika kutoa moja, toa moja tu, na uirudishe kabla ya kutoa nyingine.

Kwanza rudisha sitaha kavu, bila gundi, uchomeke bolti nne kwenye yale mashimo ya alama. Ikikaa, inua tena, piga msasa namba 40 kisha 80 kwenye midomo yote miwili hadi uone nyuzi safi, futa kwa asetoni. Kwa kuziba mashimo mabovu na nyufa natumia epoksi, kwa sababu hushika faiba ya zamani vizuri kuliko resini mpya ya poliesta. Ufa uchongwe mteremko wa 12 kwa 1: unene wa milimita 5, mteremko wa milimita 60.

Ukitumia poliesta, sikiliza. Hadina (dawa ya kugandisha resini) na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) zisikutane kamwe peke yake, hata tone. Zikichanganywa moja kwa moja huwaka au kulipuka. Kobalti ichanganywe na resini kwanza, ikoroge hadi ipotee, ndipo utie hadina, asilimia 1 hadi 2. Kwa joto letu la mchana asilimia 1 inatosha, na changanya asubuhi, kwa vikombe vidogo.

Maungio yenyewe yapakwe gundi ya poliurethani ya baharini, bila kuacha pengo, mstari mmoja upite nje ya mashimo na mwingine ndani. Teremsha sitaha, ingiza zile bolti nne, kisha kaza kuanzia katikati kwenda miisho, upande huu na upande ule kwa zamu. Tumia bolti zenye nati na washa pana pale zamani palipokuwa na ribiti, kila sentimita 10 hadi 15. Zikaze mpaka gundi ichomoze, usiikamue yote. Baada ya gundi kukauka, zungusha robo moja tena. Mbao za mkingamo utakuwa umezitoa moja moja sitaha ikishuka, ukianzia omo.

Kabla ya kurudisha raba, mtu mmoja aingie ndani na tochi na chaki. Mwingine nje apitishe mpira wa maji kwenye maungio, mita moja baada ya nyingine, dakika mbili kila mahali, akianzia chini kabisa kwenye tezi. Tone likionekana, chaki. Tone la ndani mara nyingi limetembea, kwa hiyo lifuate kinyume, kuelekea omo, hadi kwenye bolti linapoanzia. Fungua bolti hiyo, paka gundi upya, kaza, na mwagia tena.